Goti Langu na Kibuyu cha Maziwa

Katika kilio cha Papa Dezire, mwezi uliopita, niliwatambua watu waliopita mikononi mwake bila kuuliza jina la mtu. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya turubai, kwaya iliimba wimbo baada ya wimbo, na wengi walikaa kama watu wanavyokaa kilioni, mgongo umelegea na shavu limewekwa juu ya kiganja. Lakini kila baada ya nyimbo tatu, hapa na pale uani, mtu alisimama. Hakuwa anaenda mahali. Alisimama tu, akanyosha kiuno, akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha akakaa tena polepole bila kushika kiti. Alifanya hivyo mzee mmoja mwenye suti, akafanya mama mmoja wa soko kuu, akafanya na motard mmoja, dereva wa pikipiki za kukodi, aliyekuwa bado amevaa koti lake la kazi. Hawakujuana, ila kila mmoja alipomwona mwenzake amesimama alitabasamu, kisha akakumbuka yuko msibani akaficha meno. Wageni waliotoka Kisangani walidhani ni utaratibu wa kanisa letu. Nami nilisimama kwa zamu yangu, nikaona mama mkwe wangu, Mama Loda, ananitazama kutoka safu ya wazee, na moyo ukanirudisha kwenye mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na goti moja tu la kutumika.

Papa Dezire alikuwa kine. Ndivyo tunavyomwita hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, mtaalamu wa viungo, yule anayekunyosha na kukufundisha kutembea upya; jina lake la Kifaransa ni refu, tumelikata tukabaki na kichwa. Sitasimulia habari za ukoo wetu wala tulikokuwa tumekimbilia, kwa sababu kila nyumba ya Ituri ina hadithi hiyo na zote zinafanana kwa uchungu. Nitaanza na pikipiki. Ulikuwa mwaka wa amani ile ya baada ya vita, ya kutembea kwa ncha za vidole. Bunduki zilikuwa zimerudishwa, au tuseme zile zilizorudishwa zilikuwa zimerudishwa, na magari meupe ya askari wa kofia za buluu yalipita barabarani asubuhi na jioni ili tujue kwamba kuna amani. Mimi nilikuwa mshonaji, nina mashine ya kukanyaga na mchumba aitwaye Bahati. Nilipanda pikipiki kwenda Mudzipela kumpelekea mteja gauni lake, mbuzi akakatiza, motard akamkwepa mbuzi lakini hakuukwepa mtaro. Gauni halikuchafuka, nililishika juu kama bendera. Goti la kulia ndilo lililokwenda chini kwa niaba yetu wote.

Tantine Yuniya, dada ya baba yangu niliyekuwa nakaa kwake, alimwita fundi wa mifupa kutoka vijijini. Mzee yule alipapasa goti akasema mfupa haukuvunjika, mishipa ndiyo imekasirika. Akalipaka dawa ya majani, akalizungushia vijiti na kamba za magome, akafunga fundo moja la ajabu na kusema, "Asikanyage chini mupaka miye nirudie." Kisha akaenda zake, na siku chache baadaye njia ya kwao ikafungwa kwa sababu ya fujo. Sasa kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa mahali: aliyefunga dawa ndiye anayeifungua. Ukifungua fundo la mwingine umemwambia kwamba hajui kazi yake, na ugonjwa unaweza kuhamia kwako. Basi tulimngoja. Yeye labda alikusudia wiki mbili, lakini tulingoja miezi mitatu, na kwa miezi hiyo mitatu Tantine alinilisha kama mtoto. Bugari, ugali wetu, ilikuja kitandani, sombe ya majani ya muhogo ikaja kitandani, samaki wa Kasenyi akaja ameshatolewa miiba. Nikitaka maji nilikohoa tu. Nimependwa mara nyingi maishani, ila sijawahi kupendwa na kuharibiwa kwa wakati mmoja kama nilivyopendwa na kuharibiwa katika chumba kile cha dirisha moja, chini ya kalenda ya mwaka uliokwisha.

Humo chumbani ndimo nilimosikia maneno yaliyoniamsha. Shangazi wawili wa Bahati walikuja kunisalimia, wakanywa chai, wakaniona nimefumba macho wakadhani nimelala. Walipotoka walisimama jikoni kwa Tantine, na ukuta wetu ulikuwa wa mbao. "Muguu iko sawa na mwiko wa bugari," alisema mmoja. "Ataweza kupiga magoti mbele ya Mama Loda?" Mwingine akajibu kwa sauti ya huruma, na huruma ile iliniuma kuliko dharau: "Kama hataweza, kijana asingoje bure. Bibi-arusi wa kubebwa na wengine, tangu lini?" Ni lazima nieleze. Katika ukoo wa Bahati, watu wa ng'ombe, bibi-arusi hupelekwa kwanza uani kwa mama mkwe. Anabeba kibuyu cha maziwa, anapiga magoti yote mawili, anakitoa kwa mikono miwili, anangoja mama mkwe anywe na kubariki, kisha anasimama bila kugusa ardhi kwa mkono. Anayeinuka vizuri ameonyesha kwamba ataibeba nyumba. Anayeanguka, au anayeshika chini, hakuna atakayemfukuza, lakini atasikia habari hiyo hadi wajukuu wake waolewe. Na Mama Loda mwenyewe alikuwa mwanamke wa kutisha, mrefu, mkavu, anayetembea kama aliyebeba sahani ya maji kichwani. Nilikuwa nimesalimiana naye mara mbili tu na mara zote mbili nilisahau jina langu.

Bahati ndiye aliyenipeleka kwa kine, amenibeba kwenye baiskeli na Tantine akifuata kwa miguu na kulalamika njia nzima. Chumba cha Papa Dezire kilikuwa mwisho wa korido ya kituo cha afya, kilikuwa zamani stoo ya chanjo. Matundu ya risasi ukutani yalizibwa kwa saruji na hayakupakwa rangi, hivyo ukuta ulikuwa na madoadoa kama ng'ombe. Kulikuwa na benchi moja refu, miti miwili ya mkaratusi iliyolazwa sambamba kwa kushikilia unapotembea, kioo kirefu chenye ufa ambacho hakuna aliyejua kilitoka nyumba gani wakati wa uporaji, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vikining'inia kwenye misumari, na makopo ya maziwa yaliyojazwa mchanga kwa ajili ya kuinua. Yeye alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likaanza kuonyesha shati. Hakukaa. Katika mwaka mzima sikumwona akikaa kwa muda mrefu kuliko kufunga kamba za viatu. Alipotuona alitazama fundo la yule mzee kwa heshima, akainama, akaligeuza huku na huku. "Hii kazi ni ya mutu mwenye kujua," alisema. Tantine akapata nguvu, akaitikia kwa ndiyo yetu ya Bunia: "Njo, papa. Na njo maana haifunguliwe. Mwenye kufunga hayarudia bado." Nilijua tutarudi nyumbani na vijiti vyetu. Papa Dezire akafikiri, akakuna kidevu, akasema, "Mama, sikia. Miye nitafungua, niangalie, halafu nitafunga yangu. Muzee akirudia, atafungua ya kwangu. Atakuwa amefungua yeye, si weye wala miye." Tantine alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Nimekutana na wasomi wengi tangu siku ile, na bado sijamwona aliyeweza kumpitisha mtu mzima juu ya imani yake bila kuikanyaga.

Chini ya vijiti goti langu lilikuwa limekauka. Paja lilikuwa limepungua hadi nikaona aibu mbele ya mchumba wangu. Papa Dezire alilishika kwa mikono miwili, akalikunja kidogo, nikapiga kelele, akaacha palepale. "Goti ni mulango," aliniambia. "Mulango usipoifungua miezi tatu, na mvua inanyesha, itafanya nini? Itakwama. Mulango haiko mugonjwa, mama. Iko imekwama tu. Na mulango yenye imekwama haivunjwe na teke, inafunguliwa kila siku kidogo." Kisha akamgeukia Tantine, na nilingoja amlaumu, kwa maana kosa lilikuwa wazi kama jua. Akasema, "Weye umemupenda sana huyu mutoto. Sasa umupende namna ingine. Akiomba maji, umuonyeshe pahali maji iko." Tantine alilia hapo hapo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, na kuanzia siku hiyo nikikohoa hakuna aliyekuja.

Ndipo nikaanza shule ya mwili wangu mwenyewe. Papa Dezire alinifundisha kukaza paja nikiwa nimelaza mguu, kuhesabu, kulegeza, kukaza tena. Alinifunga kopo la mchanga kwenye kifundo cha mguu niinue. Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa, un, deux, trois, kwa sauti ya mtu anayeita kuku, na hadi leo siwezi kusikia Kifaransa bila paja kukaza. Aliposikia mimi ni mshonaji alifurahi kama aliyeokota kitu. "Mashini yako njo kine ya pili," alisema. "Ukanyagie na ule muguu mugonjwa. Lakini kiti upandishe, goti isipite kiuno. Na nguo ikujie, weye usiifuate na shingo." Hakuna aliyekuwa na saa ya mkononi mwaka ule, basi alitupimia muda kwa nyimbo za redio: usikae zaidi ya nyimbo tatu bila kusimama. Bidoni, lile dumu la maji, uisogelee hadi iguse miguu, ukunje magoti, uinuke nayo ikiwa karibu na tumbo, na leo mkono huu, kesho ule. Kumwinamia bidoni kwa kiuno, alisema, ni kumwinamia mtu asiyekupenda. Beseni la kufulia aliamuru tuliweke juu ya matofali. Fagio letu fupi la njiti, lile ambalo kila mwanamke wa kwetu amelifagilia akiwa amepinda kama ndoano, aliagiza tulitie mpini mrefu. Tantine aliutia mpini, akafagia amesimama wima, na mtaa mzima ukaja kutazama. "Yuniya amekuwa muzungu," majirani walisema, "anafagia na yeye iko nachungulia mbinguni." Alivumilia kejeli hizo kwa wiki moja. Wiki ya pili mgongo wake uliokuwa ukimwamsha alfajiri ulinyamaza, na wiki ya tatu majirani wakaanza kuazima fagio.

Kwenye benchi ya Papa Dezire tulikaa watu wa pande zote za mji, na hilo halikuwa jambo dogo. Kulikuwa bado na mitaa ambayo watu wangu hawakukanyaga, na wao hawakukanyaga yetu. Benchi ilikuwa moja tu, kwa hiyo tulikaa tukiacha pengo katikati, pengo la mtu mmoja aliye mnene. Upande wa pili wa pengo langu alikaa Mama Sifa, muuza makala, mkaa wa kupikia, mwenye mabega mapana na nyonga iliyoharibika kwa kubeba magunia tangu utotoni. Tulisalimiana kwa kidevu. Siku moja, saa nne asubuhi, barabarani kulisikika mlio mkubwa, pa. Sijui nani aliyeanza. Nilijikuta nimejikunja kifudifudi chini ya miti ya mkaratusi, na chumba kizima kiko chini: mzee aliyesema hawezi kuinama tangu Krismasi, mama wa mgongo, mwalimu wa shingo, sote sakafuni, tumekunjika vizuri kabisa. Papa Dezire peke yake alibaki amesimama mlangoni. Alichungulia nje. "Ni pneu ya kamyo," alisema; gurudumu la lori ndilo lililopasuka. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na akaanza kucheka kwa sauti ndogo, mabega yakimtetemeka. "Asubuhi hii kila mutu aliniambia hawezi. Sasa naona wote munaweza. Bon, tutafanya kazi."

Tatizo likawa kuinuka. Goti langu lilikuwa limekunjika kwa hofu kuliko lilivyowahi kukunjika kwa mazoezi, na sasa lilikataa kunyoka. Mama Sifa alikuwa karibu nami, naye amekwama kwa nyonga yake. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyenyosha mkono kwanza, nami nikautoa wangu, lakini Papa Dezire akatusimamisha. "Si kiganja. Kiganja inateleza. Mushikane hapa," na akavishika vifundo vyetu vya mikono, akaviunganisha, kidole gumba cha kila mmoja kimelala juu ya mshipa wa mwenzake. "Usimuvute. Muegemee nyuma wote wawili, macho mbele. Uzito ya huyu njo inamubeba huyu. Un, deux, trois." Tukapanda pamoja kama ndoo mbili zinazovutwa kwa kamba moja. Nilisikia mshipa wa mwanamke yule ukipiga chini ya kidole changu, mbio, kama wangu. Kuanzia siku hiyo alitufanyisha zoezi hilo kila Jumanne na Ijumaa, kushuka na kupanda, mara kumi. Kwa kupiga magoti alinipa sheria yangu ya pekee: "Kushuka, ule mugonjwa atangulie. Kupanda, ule muzima njo anabeba." Na pengo kwenye benchi likapotea, si kwa hotuba ya mtu, ila kwa sababu ni vigumu kumwekea pengo mtu aliyekushikilia usianguke.

Siku ya kupeleka maziwa ilipangwa. Zilibaki wiki tatu, nami tayari nilikuwa nashuka na kupanda kwa kushika mti mmoja tu. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu mkubwa, na niliufanya kwa moyo safi. Kanisani kwetu kulitangazwa siku tatu za kufunga na kuomba. Nikasema moyoni, nani wa kumwomba kama si yeye aliyeliumba goti? Nikaenda siku zote tatu, nikapiga magoti juu ya saruji tupu, asubuhi hadi mchana, nikimwomba Mungu aniponye magoti. Siku ya tatu niliinuliwa na mashemasi wawili. Goti lilikuwa limevimba kama papai, linawaka. Nilifika kwa Papa Dezire nikiwa nimetayarisha majibu yangu, maana niliogopa atanicheka au atalitukana kanisa, na sikujua lipi lingeniuma zaidi. Alilitazama goti kwa muda mrefu. "Uliomba nini?" akauliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, bila mzaha. "Mungu alisikia," alisema. "Ni goti tu njo haikusikia." Akaloweka kitambaa kwenye maji baridi ya mtungi, akanifunga. "Yeye anasikiaka hata wenye kusimama, mama. Uombe ukisimama."

Wiki moja sikuruhusiwa zoezi lolote isipokuwa kukaza paja. Uvimbe ulipopungua zilibaki siku tisa, na tulijua wote wawili hesabu haifiki. Aliniambia kweli, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kushuka, utashuka. Kupanda peke yako na mikono iko hewani, sijue. Uniruhusu niende kwa Mama Loda, nimuelezee." Nilikataa. Nilimwambia nikisikia ameenda sitarudi tena. Nilikuwa kijana, na kijana akiogopa aibu yuko tayari kuvunja mguu ule mwingine. Akanitazama kama anayetaka kusema jambo, akalimeza, akasema tu, "Sawa. Basi tufanye na Sifa mara ishirini." Nilidhani amekasirika. Tulifanya mara ishirini kila siku, Mama Sifa akilalamika kwamba hata yeye hakuolewa kwa taabu kama hii.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua jeupe la kiangazi. Ua wa Mama Loda ulifagiliwa hadi ardhi ikang'aa, na majani mabichi yalitandazwa kutoka mlangoni hadi alipokaa. Alikaa juu ya kiti kidogo cha miguu mitatu, cha kuchongwa, kilichoachwa na mama mkwe wake mwenyewe. Kilikuwa chini sana, lakini yeye alikaa juu yake wima kabisa, kitenge kimefunika miguu, mikono magotini, na tulipofika tukaambiwa amekaa hapo tangu mapema akitungoja. Hilo liliniogopesha zaidi. Wanawake wa ukoo walikuwa kwenye mikeka pande zote, na wale shangazi wawili nikawaona mstari wa mbele. Kibuyu kilikuwa kizito mikononi mwangu, kinanukia moshi wa majani waliyokifukizia. Nilifika mbele yake. Ule mgonjwa atangulie. Goti la kulia lilishuka, likagusa majani, la kushoto likafuata. Nilisikia Tantine akivuta pumzi nyuma yangu. Nikatoa kibuyu.

Mama Loda akanywa. Akabariki kwa maneno machache, akanywa tena. Kunywa kwa muda mrefu ni heshima, kila mtu anajua, na wanawake wakaanza kunong'ona kwa furaha kuona jinsi anavyoniheshimu, maana alikunywa kidogokidogo, akabariki, akapumzika, akanywa tena, akawataja marehemu mmoja mmoja kwa majina, na goti langu likiungua juu ya majani kama limewekwa kwenye jiko. Nilimwomba Mungu amalize majina. Mwishowe kibuyu kikawa kitupu. Nilipeleka mguu wa kushoto mbele, nikasukuma. Niliinuka kiasi cha shibiri mbili, na hapo paja likaanza kutetemeka, likatetemeka hadi kitenge changu kikaonekana kinatetemeka, na nikajua kwamba sipandi. Niliona ardhi iko karibu sana na mkono wangu, inanialika. Ndipo Mama Loda alipompa dada yake kibuyu, akanyosha mikono yote miwili kuelekea kwangu. Hakunipa viganja. Vidole vyake virefu vikapita viganja vyangu, vikazunguka vifundo vya mikono, na kila kidole gumba kikalala juu ya mshipa. Akaegemea nyuma. Na kutoka kinywani mwa mwanamke yule ambaye hakuwahi kukanyaga shule, kwa sauti ya chini niliyoisikia mimi peke yangu, ikatoka: "Un. De."

Kwa trois tulikuwa tumesimama, mimi na yeye, uso kwa uso. Vigelegele vilipasuka. Hakuwahi kuonekana katika ukoo ule mama mkwe aliyeinuka kitini kumpokea bibi-arusi kwa mikono yake, na shangazi wale wawili wakawa wa kwanza kulia. Siku ya Jumanne nilikwenda kwa Papa Dezire na mkungu wa makemba, ndizi zetu za kupika, nikamuuliza kabla ya salamu: "Papa, Mama Loda anakujaka hapa?" Alikuwa anajaza mchanga kwenye makopo. "Hapa kunakujaka magoti," alijibu. "Sura, miye sitazamake." Sikupata zaidi ya hapo, si siku ile wala miaka yote iliyofuata. Lakini nilikumbuka alivyomeza neno lake, na jinsi alivyoniongezea zoezi lile, lile tu, mara ishirini. Alikuwa ameshika siri za watu wawili, moja katika kila mkono, na hakuiangusha hata moja. Namheshimu kwa goti langu, ambalo limepanda vilima vya Bunia na kukanyaga mashine miaka yote hii bila kunisumbua. Kwa kinywa chake namheshimu zaidi.

Mama Loda naye hakuligusia kamwe, nami nilifuata mfano wake. Niliishi nyumbani kwake nikiamini kwamba mwanamke yule wa kutisha alinionea huruma mbele ya watu, akashusha ukubwa wake ili aniinue, na kwa sababu hiyo nilimtumikia kwa moyo ambao wake wengine wa ukoo hawakuuelewa. Bahati alinitania kwamba nilimwoa mama yake. Labda alisema kweli.

Basi mwezi uliopita, pale kilioni, kwaya ilinyamaza na tukaambiwa jeneza linatoka. Watu wote walisimama. Mama Loda, ambaye sasa nywele zake zote ni nyeupe, alibaki kitini, kiti cha plastiki kimezama kwenye udongo laini wa mvua. Wajukuu walimkimbilia kumnyanyua kwa makwapa, akawafukuza kwa macho. Akanitafuta. Nilipopiga hatua hadi mbele yake alinyosha mikono, nami nikavishika vifundo vyake, vyembamba sasa kama vya msichana. Nikataka kuegemea nyuma, akanizuia. "Ngoja," alisema. "Ile siku ya maziwa. Weye unafikiriaka miye nilikuinua?"

"Njo, mama. Watu wote waliona."

"Watu hawakuona kitu. Nilikuwa nimekwama." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Ile kiti ya mama mukwe wangu iko chini sana. Nilikaa mapema, mbele watu wafike, ili mutu asione namna naanguka juu yake. Kusimama, sikujua nitasimama namna gani. Ile maziwa nilikunywa polepole kwa sababu niliogopa iishe. Marehemu niliwataja mupaka wakaniishia. Halafu nikakuona weye unatetemeka, nikasema, Mungu asifiwe, tuko wawili."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja, mbele ya watu wote, na sikujali. Nyuma yangu nilisikia wabebaji wakikanyaga changarawe. Mama Loda alikaza vidole, kidole gumba juu ya mshipa wangu, akainua macho mbele.

"Huyu papa hakupenda watu wa kukaa," alisema. "Un. De."

Jeneza lilipotufikia, tulikuwa tumesimama.